Jina la mama liko wapi kwenye kitabu cha koperative?

Mara hii sitaanza na mbegu wala na mbolea. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, sababu lilinifundisha kitu ambacho kwenye chuo cha agronomia hawakunifundisha.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi hapa kwenye bonde la Ruzizi. Nilitumwa kutoa mafundisho juu ya mozaike, ule ugonjwa wa muhogo unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Niliomba koperative moja iite watu. Mwandishi wao alifungua kitabu cha wanamemba, akaandika majina 32, na siku ile wote 32 walifika. Wanaume 28, wanawake 4. Nilifundisha siku mbili: namna ya kuchagula vijiti kwenye mumea muzima, namna ya kukata vipande vya sentimetre 20 mpaka 25, namna ya kung'oa mumea mugonjwa mapema, mbele nzi weupe hawajabeba ugonjwa na kuupeleka kwa jirani. Wababa waliuliza maulizo mazuri. Mimi niliandika raporti yenye kupendeza.

Miezi mitatu kisha kupanda, nilirudi kutembelea mashamba. Shamba moja, la pili, la tatu: majani yalikuwa yamejikunja. Kwenye shamba la nne nilikuta mama anapalilia, mutoto mugongoni. Nikamuuliza: "Mama, vijiti hivi mulivitosha wapi?" Akajibu: "Kwa jirani, kama kila mwaka." Nikamuuliza tena kama bwana yake hakumuelezea mambo ya mafundisho. Akacheka kidogo, akasema: "Baba alirudi na kaye, na biki, na feza ya transporti. Mambo ya vijiti hakuongea. Na yeye hapandi muhogo."

Maneno yale yalinikaa kichwani. Wababa wale 28 hawakuwa wavivu, na walinisikiliza vizuri. Lakini mimi nilifundisha wale wenye majina kwenye kitabu, sikufundisha mikono yenye kupanda. Sezoni nzima ilipita hivyo, na mozaike haikungojea raporti yangu.

Kazi iko mikononi mwa nani?

Tuangalie kazi ya muhogo kama tunavyoiona kila siku, hapa Mutarule, Luberizi, Sange na vijiji vingine vya bonde. Mara nyingi baba anafyeka na kulima udongo mugumu. Kisha pale inakuja kupanda, kupalilia mara mbili ama tatu, kung'oa, kubeba, kumenya, kuloweka, kuanika, kupeleka kwenye mulini, na kuuza unga kwa kipimo sokoni. Nyingi za kazi hizo ziko mikononi mwa wamama na watoto wao wasichana. Kwenye mupunga, wababa wanashughulika na mifereji na kupiga dawa. Wamama wanapandikiza, wanapalilia, wanafukuza ndege, wanapepeta. Si kila nyumba iko hivyo, lakini kila mumoja wetu anajua nyumba ngapi ziko hivyo.

Na si kwetu tu. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilitoa raporti mwaka 2011. Ilisema kwamba katika nchi zenye kuendelea, wanawake ni karibu 43 kwa mia ya watu wote wenye kufanya kazi ya kilimo. Ilisema tena kwamba kama wangepata udongo, mbegu, mbolea, mafundisho na mukopo sawasawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa 20 mpaka 30 kwa mia. Tufanye hesabu: mama aliyekuwa anavuna mifuko 10 angevuna 12 ama 13, kwenye shamba ileile, chini ya mvua ileile. Kwa hiyo shida si kwamba mama hajui kulima. Shida ni kwamba vitu vyenye kusaidia kulima vinamupita pembeni.

Na vinamupita kwa njia gani? Kwa njia ya kitabu. Shirika likileta mbegu, linauliza liste ya wanamemba. Agronome akifundisha, anauliza liste. Mukopo ukija, ni kwa liste. Na kwenye makoperative mengi liste inafuata desturi moja: nyumba moja, jina moja, na jina lile ni la baba. Mama anapata jina lake mwenyewe kama amefiwa na bwana ama kama hana bwana. Ni kama tunamungojea kwanza afiwe ndipo tumuandike.

Sheria ya makoperative inasema nini?

Wengi wanazani desturi ile imeandikwa mahali. Haikuandikwa. Inchi yetu iliingia katika OHADA, ule muungano wa sheria za biashara wa inchi nyingi za Afrika, mwaka 2012. Toka pale sheria yenye kuongoza makoperative yetu ni ile iliyopitishwa Lomé, kule Togo, tarehe 15 Desemba 2010. Ndani yake muna mambo matatu ambayo kila mwanamemba anapashwa kuyajua kwa kichwa.

La kwanza: mwanamemba ni mutu, si nyumba. Kuingia ni kwa mapenzi yake, na mulango uko wazi kwa kila mwenye kutimiza masharti ya kazi ile. Hakuna mahali sheria inakataza bwana na bibi yake wawe wanamemba wote wawili, kila mutu na fungu lake, ile tunaita parti sosiale.

La pili: mutu mumoja, sauti moja. Mwenye mafungu 20 na mwenye fungu 1 wanapiga kura sawasawa.

La tatu liko kwenye kifungu cha 6: ni marufuku kubagua mutu sababu ya kuwa mwanamuke ama mwanaume, sababu ya kabila, ya dini ao ya siasa. Kwenye bonde letu, ambako kabila imeleta machozi mengi, sote tunaelewa mara moja kwa nini kabila imetajwa pale. Basi tusome na lile neno lililo mbele yake, sababu sheria imeliweka katika sentensi moja na kabila.

Maneno tunayosikia mara nyingi

Nikiongea mambo haya kwenye mikutano, majibu yanayorudi ni karibu yaleyale. Si maneno ya ubaya. Yanastahili kujibiwa kwa heshima.

*"Bwana na bibi ni mwili mumoja, jina moja linatosha."* Ni kweli ni mwili mumoja. Lakini siku mwenye jina hayuko, kitabu hakijui ule mwili. Hapa Mutarule hakuna mwenye kuhitaji agronome amufundishe namna kifo kinaingia bila kupiga hodi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa kijijini, na wengi kati yao walikuwa wamama na watoto. Sitarudia mambo yale. Walioyapita wanayajua kuliko mimi. Ninaongea tu juu ya makaratasi. Katika bonde hili, ambako vita na magonjwa vimechukua wengi, tumeona mara ngapi mujane analia, na kisha siku 40 anaanza kubishana na shemeji juu ya fungu la koperative, juu ya mifuko iliyokuwa depo, juu ya kipande cha shamba kwenye perimetre? Mahali ambapo majina yote mawili yaliandikwa, mujane anaendelea na sezoni yenye kufuata bila kupiga magoti kwa mutu. Na ni hivyohivyo kwa baba aliyefiwa, kama shamba lilitoka upande wa bibi yake.

*"Bibi anapashwa kwanza kupata ruhusa ya bwana."* Zamani sheria ilisema hivyo. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilidai mwanamuke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mambo ya sheria yenye kumufunga. Lakini sheria ile ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Sasa inasema bwana na bibi wapatane, wote wawili, juu ya mambo yenye kuwafunga. Muone mabadiliko yalivyo: baba naye, mbele ya kuchukua mukopo wenye kufunga nyumba, anapashwa kupatana na mama. Wale wenye kushika sanduku ya koperative watapenda sheria hii, sababu mukopo ambao bibi haujui ni mukopo mugumu sana kurudishwa.

*"Udongo ni wa baba na wa ukoo."* Hapa tuongee polepole, sababu ni jambo la mila na la moyo. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Kile jamaa zetu wanacho kijijini ni haki ya kuutumia. Na juu ya urizi, sheria ya jamaa inasema watoto wanagawana sawasawa, musichana kama kijana, na fungu lao ni robo tatu ya mali ya marehemu. Mujane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa ndani. Lakini haki hizi ni vigumu kuzitetea kama ndoa haikuandikwa kwenye biro ya Leta. Kwa hiyo, wazee wangu, kama ngombe ilitolewa na ndoa haijaandikwa, muende muiandike. Ni ulinzi kwa mama, na ni ulinzi kwa watoto wenu ninyi wenyewe.

Koperative haiwezi kubadilisha mila kwa siku moja. Lakini kuna kitu inaweza kufanya sasa hivi: kuandika mapatano ya shamba la kukodi. Tunajua namna inavyokuwa. Wamama wanakodi kipande kilichojaa magugu, wanakisafisha, wanatia samadi, na kipande kikianza kuzaa mwenye shamba anakichukua. Karatasi yenye kutaja sezoni ngapi, mipaka iko wapi, malipo ni gani, na vidole vya mashahidi pamoja na muhuri wa chefu wa kijiji, inazuia magomvi mengi. Karatasi ile iandikwe kwa jina la yule mwenye kulima.

*"Wamama wengi hawajui kusoma."* Hilo ni kweli kwa wengi, na si kosa lao: feza ya masomo ilipokosa, musichana ndiye alirudishwa nyumba wa kwanza. Lakini tuangalie MUSO na AVEC zetu. Ile mufumo wa AVEC ulianzia kwa wamama wa Maradi, kule Niger, mwaka 1991, na wengi wao hawakuweza kusoma. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu mbalimbali. Feza inahesabiwa mbele ya macho ya wote, na kila mutu anakariri kichwani kiasi kilichobaki. Kwenye MUSO, wamama wanajua kutenga sanduku ya kijani kwa mikopo na sanduku nyekundu kwa matatizo ya gafula, na hawachanganyi. Mutu mwenye kushika ufunguo wa sanduku ile kila wiki bila hata franka moja kupotea, tunawezaje kumuambia hawezi kuwa katika komite ya koperative? Kuandika kunaweza kusaidiwa na kijana aliyesoma. Uaminifu hausaidiwi na mutu.

*"Wamama wenyewe hawataki."* Niliamini neno hili kwa muda murefu. Kisha nikaanza kuuliza mukutano unafanyika saa ngapi. Saa tatu asubuhi, siku ya soko. Saa ile mama iko na mufuko wake sokoni, ao iko shambani mbele jua halijawa kali. Na akifika, anaketi nyuma kwenye mukeka, wababa wako mbele kwenye viti, na anayeketi nyuma haongei. Tena wengine wanaogopa magomvi nyumbani, na hofu ile ina sababu. Hatutaitosha kwa kusema maneno makali juu ya wababa. Tutaitosha kwa kuongea na bwana na bibi pamoja.

Kuna zoezi moja ninalolipenda. Mutu na bibi yake wanachora siku yao chini, kwenye udongo, toka jogoo la kwanza mpaka kulala. Kila saa wanaweka jiwe: kazi gani, ya nani. Sisemi neno. Wakimaliza, wanahesabu mawe. Kwenye zoezi moja baba alikaa kimya, akaangalia mawe ya bibi yake, kisha akasema: "Kumbe usiku unaishia hapa kwake, kwangu umeishia huku." Wiki ile alianza yeye mwenyewe kupeleka muhogo kwenye mulini na baiskeli. Hakuna sheria iliyomulazimisha.

Majina ya kupamba

Sasa tuongee na upande wetu sisi wa mashirika, sababu nasi tuna deni. Wafadhili wanapenda kuona hesabu ya wanawake kwenye fomu. Tunafika kijijini, tunasema "tunataka wanawake 30 kwa mia katika komite", tunahesabu, tunapiga picha, tunaondoka. Basi koperative inafanya nini? Inaandika mama mumoja kuwa makamu wa prezida, hapewi kaye, haitwi kwenye mikutano ya feza, na siku wageni wakifika anaitwa kupika na kukaribisha. Tarehe 8 Machi anavaa kitenge kipya na kupita kwenye defile. Tarehe 9 hajui sanduku iko na franka ngapi.

Jina la namna hiyo ni la kupamba, na ni hatari kuliko kukosa jina, sababu linatufanya tuzani kazi imekwisha. Maulizo matatu yanaonyesha kama jina ni la kweli: Yule mama anashika ufunguo ama anaweka sahihi kwenye jambo gani? Bei ya mupunga ilipokatwa na mununuzi, yeye alikuwepo? Na alipopinga jambo kwenye mukutano, liliandikwa kwenye raporti?

Sauti yenye kusikika

Jambo hili linatoka shambani na kufika kwenye radio na kwenye biro. Waandishi wa habari wakija kuuliza juu ya mavuno, ao wakubwa wakija kuuliza juu ya barabara na maji ya perimetre, nani anaongea? Mara nyingi ni prezida peke yake. Lakini kisima kikikauka, ni mama anayejua ni kwa dakika ngapi mutoto anatembea kutafuta maji. Unga ukishuka bei, ni yeye aliyekuwa sokoni.

Jimbo letu liko na mufano. Mwaka 2003, wanawake waandishi wa habari wa Bukavu walianzisha AFEM, ushirika wa wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu ya Kusini. Walibeba mikro mpaka vijijini, na wamama waliokuwa wakinyamaza juu ya mambo waliyotendewa katika vita wakasikika kwa sauti zao wenyewe. Mumoja wao, Caddy Adzuba, alipewa mwaka 2014 zawadi kubwa ya Príncipe de Asturias kule Hispania. Na katika uongozi wa inchi, mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka alikuwa mwanamuke wa kwanza kuwekwa waziri mukuu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inasema wanawake wawe na nafasi sawasawa katika vyombo vya inchi, vya jimbo na vya mahali.

Kinshasa ni mbali, ninajua. Lakini koperative ni chombo cha hapa. Mutu aliyejifunza kusimama na kuongea mbele ya wanamemba 60 ndiye kesho ataongea mbele ya chefu wa kolektivite na mbele ya mikro bila kutetemeka. Basi kila koperative ichagule watu wawili wa kuongea na wageni, baba mumoja na mama mumoja, na kila mumoja aongee juu ya kazi anayoifanya kweli.

Tufanye nini mbele ya sezoni A?

Mambo haya hayahitaji mufadhili. Yanahitaji kaye, biki na mukutano mumoja wa kweli.

1. Mufungue kitabu cha wanamemba mbele ya wote, muhesabu. Majina mangapi ya wanaume, mangapi ya wanawake? Kisha muulize: kwenye kila nyumba, nani anapanda, nani anapalilia, nani anauza? Muandike hesabu zote mbili kwenye ukuta wa depo.

2. Mupige kura juu ya kuingiza jina la pili. Kama fungu zima ni zito kwa nyumba, mukutano mukubwa unaweza kukubali lilipwe polepole, kwa mavuno. Lakini liwe fungu lake, kwa jina lake, na karatasi yake ibaki mukononi mwake.

3. Kwenye mizani, muandike jina la yule aliyeleta mufuko, na yeye ndiye apewe bono. Feza ilipwe kwa mwenye bono. Hapa mutaona magomvi madogo mwanzoni. Mwende polepole, muongee na nyumba ile, lakini musirudi nyuma.

4. Komite ikichagulwa, nafasi moja yenye nguvu ya kweli iende kwa mama: kushika sanduku, kuweka sahihi ya pili, ao kuwa katika kikundi cha kuangalia hesabu. Musianzie kwenye nafasi ya makamu.

5. Shirika likiomba watu wa mafundisho, musilipe liste ya kitabu. Muulize: "Ni mafundisho ya kazi gani?" Kisha mutume wenye kufanya kazi ile. Kama agronome anafundisha kupanda na anakuta viti vimejaa watu wasiopanda, mumukatalie. Hata kama agronome yule ni mimi.

6. Mubadilishe saa na mahali pa mukutano. Mualike wamama waseme ni saa gani. Na siku ya mukutano mukubwa, kupika kushikwe na vijana kwa zamu, ili wote waketi ndani.

Mwisho wa mambo ya vijiti

Sezoni yenye kufuata nilirudi kwenye koperative ileile. Niliwaomba radhi, kisha tukafanya mafundisho ndani ya shamba, bila kaye, nyumba kwa nyumba, bwana na bibi pamoja. Tuliwaambia kila mutu ashike jani, aligeuze, aseme kama ni zima ama ni gonjwa.

Yule mama aliyecheka alikuwepo. Nilipomaliza kuelezea namna ya kuchagula vijiti siku ya kung'oa, aliinua mukono, akasema: "Agronome, siku ya kung'oa majani mengi yamekwisha kuanguka. Utaona ugonjwa wapi?" Nilikosa jibu. Yeye alikuwa amekwisha kulitafuta. Majani yakiwa bado mabichi, alikuwa anapita katika shamba na kufunga kamba ya mugomba kwenye kila mumea muzima. Siku ya kung'oa, vijiti vilitoka kwenye miti ile yenye kamba tu.

Leo ninafundisha namna ile kila mahali ninapopita, na ninasema wazi kwamba niliipata kwa mulimaji wa bonde. Wakati ule jina lake halikuwa kwenye kitabu. Kama ningeendelea kufuata kitabu, nisingemusikia hata siku moja, na makoperative mengine wangeendelea kupanda ugonjwa.

Basi, ndugu zangu, mukutano wenu wenye kuja, mbele ya mambo mengine yote, muombe mwandishi afungue kitabu, asome majina kwa sauti. Kisha mutuandikie ama mutume neno kwa agronome wenu: muliwakuta wangapi, na mulifanya nini. Tutayaongea katika toleo lenye kufuata. Mvua iwe njema kwenu.